Kipande cha Chuma Kisicho na Jina

Nilipoazimia mwaka jana kujiundia rafu za vitabu, nilinunua msumeno wa meza wa kubebeka, ule ambao mtu mmoja huweza kuupakia garini bila msaada. Muuzaji alinisifia nguvu za mota kwa ufasaha wa kupigiwa mfano. Nilipomwuliza kazi ya kile kipande chembamba cha chuma kilichosimama nyuma ya diski, alicheka. "Hicho kitoe tu, mwalimu. Kinasumbua."

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilitaka kujua jina lake. Randa, patasi, tezo na keekee zina majina. Hiki, mafundi watatu walikiita "hicho", na mmoja wao alinielekeza kwa mkono ambao kidole chake cha shahada kimekatika ncha.

Lakini ubao unapopasuliwa, hasa wa saiprasi usiokauka vyema, aghalabu pande zake mbili hubanana nyuma ya diski. Meno ya nyuma, ambayo huzunguka yakipanda, huunyakua na kumrushia aliyekuwa akiusukuma, na mkono huweza kuvutwa kwenye meno. Kipande kile huzuia mbano huo, almuradi kiwe kinene kuliko bati la diski na chembamba kidogo kuliko mkato wa meno.

Basi anayenunua na akitafute kwanza, kabla ya kuuliza habari za mota. Kisha apime kama mwongozo wa pembeni umekwenda sambamba na diski, mbele na nyuma. Mashine zilizoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 aziache. Wetu ni wa 240. Diski ya meno 24 ni ya kupasua, ya 60 ni ya kukata. Na Kiswahili, kwa bahati njema, hakikuwahi kuchanganya vitenzi hivyo viwili. Meno yachomoze juu ya ubao kidogo tu, na ncha ya ubao isukumwe kwa kijiti, si kwa vidole.

Jina nililipata kwa mzee mmoja aliyepasua magogo ujanani kwa msumeno wa watu wawili. Alikitazama mara moja tu. "Si kabari hiyo? Sisi tuliichomeka kwenye mkato ili msumeno usibanwe."

Yule fundi wa kidole alikwisha kuitupa kabari yake. Sasa anaiulizia madukani iuzwe peke yake, na hajaipata.