Reli ya Matadi–Kinshasa: kila kilomita ililipiwa kwa uhai

Kabla ya mwaka 1898, mizigo ilitoka Matadi hadi Kinshasa kichwani mwa wapagazi, kwani maporomoko ya mto Congo yalizuia meli kupita. Kampuni ya Mbelgiji Albert Thys ilianza kujenga reli mwaka 1890. Milima ya Matadi ilikuwa mikali: miaka miwili ya mwanzo haikufikisha hata kilomita kumi. Vibarua waliletwa kutoka Afrika Magharibi, Barbados na China. Malaria, kuhara na ajali viliwamaliza.

Hesabu rasmi ya vifo ni Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Reli ilikuwa na karibu kilomita 390: yaani watu watano kwa kila kilomita. Gari moshi la kwanza lilifika Kinshasa Machi 1898, na upagazi wa njia hiyo ukaisha.