Nani Anakunywa Bando?

Sogeeni, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina nyumba moja ya matofali ya udongo huko New Congo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yenye simu nne na laini moja ya intaneti.

Laini ni ya yaya, kaka mkubwa. Msishangae kuwa ni moja. Wakimbizi wengi walipata tabu kusajili laini mpaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliporuhusu kitambulisho cha mkimbizi au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) itumike. Na bando nalo si bei ya karanga! Basi yaya hununua la wote, anawasha hotspoti, wengine wanaingia.

Usiku mmoja dada mdogo akafungua video ya somo la hesabu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Yaya, mnara umekufa!"

Maskini mnara, kila jioni husingiziwa. Ila yaya alikuwa amefanya kazi Mbarara mjini, kwa mzee mmoja wa duka la fotokopi aliyeendesha intaneti kafe enzi za simu za mezani. Siku hizo intaneti ilipita kwenye waya uleule wa shaba wa simu. Sauti za watu zilikaa chini ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, intaneti ikapanda juu ya 25,000, kila mmoja na njia yake. Lakini simu ya mezani au faksi ikichomekwa bila kichujio, huvuruga ile njia ya juu. Kengele inalia, intaneti inakatika. Dawa ya mzee: chomoa vyote, bakiza modemu, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka mkorofi ajitaje. Huyo mfungie kichujio.

Nakivale hakuna waya wa kuchomoa, lakini dawa ni ileile.

"Zimeni Wi-Fi nyote," yaya akasema. "Wewe dada, acha yako."

Video ikakimbia. Simu ya kaka wa pili ikarudishwa: sawa. Ikaja zamu ya simu ya mama, iliyokuwa kwenye chaji, kioo giza, hakuna anayeigusa. Kiduara hicho!

"Mimi nimelala nayo tu," mama akajitetea.

Simu haikulala. Ikiingia kwenye hotspoti, simu inaweza kudhani imepata Wi-Fi isiyo na kipimo, hapo inasasisha programu na kupandisha picha zote za harusi ya binamu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Bomba moja, madumu manne, na dumu la mama halikuwa na mfuniko.

Yaya akafungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu ile, akachagua kwamba mtandao huu unahesabiwa data. Neno hilo moja ndilo huizuia simu isijihudumie kwa siri. Akazima pia WhatsApp isishushe video bila ruhusa.

Mngekuta hata simu ikibaki peke yake bado inakokota, je? Itoeni nje ile yenye laini, maana bati huzuia mawimbi. Ikibaki nzito, jaribuni tena alfajiri, kabla kijiji kizima hakijaamka kugawana mnara. Ikikokota hata saa hiyo, basi mnara usemwe.

Mama yeye alitaka kujua jambo moja: picha za harusi zimefika ngapi?

"Nusu," yaya akasema. "Na bando limeisha."