Kijana Mwenye Usonji katika Darasa la Kipaimara

Katika sharika zetu huweza kutokea kijana aliyehifadhi Katekisimo Ndogo yote, lakini hamtazami mwalimu machoni, hukaa peke yake, na hutoka nje ngoma zipigwapo. Mara nyingi twasema ana kiburi, au ana pepo, au hapendi watu. Hukumu hizo zote ni za haraka.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani, na Hans Asperger mwaka 1944 huko Vienna. Hautokani na laana wala malezi mabaya. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kasoro iko kwa mwenye usonji tu, kwamba hawezi kuwaelewa wengine. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatumwelewi yeye. Utafiti wa Catherine Crompton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliipa hoja hiyo nguvu. Watu wazima wenye usonji walipopashana habari wao kwa wao, walifaulu sawa na wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Ujana huongeza mzigo huu. Watoto huunganishwa na mchezo, bali vijana huunganishwa na utani na mafumbo, ambayo kanuni zake hakuna azifundishaye. Wengine, hasa wasichana, huwaiga wenzao kutwa nzima, kisha hurudi nyumbani wamechoka kabisa. Basi upweke wao si ushahidi kwamba hawataki rafiki.

Mchungaji aweza kufanya mengi. Ampe kijana ratiba mapema, aseme naye kwa maneno ya wazi, na amkutanishe na mwenzake mmoja apendaye jambo lile lile. Maswali ya Kipaimara amwulize faraghani, si mbele ya usharika wote. Bwana wetu alimtenga kiziwi na makutano akawa naye peke yake (Mk. 7:33). Hatusemi kwamba usonji ni ugonjwa wa kuponywa. Twasema kwamba Yesu hakumdai mtu yule azoee kwanza umati.

Tukimnyima kijana huyu Kipaimara kwa sababu hatutazami machoni, hatujaipima imani yake. Tumepima desturi zetu tu.