Nyama ya asubuhi: chumvi, asali na moshi wa Tabora

Nguruwe akichinjwa Tabora asubuhi, kwa kawaida nyama yake huisha siku hiyohiyo. Mchana inakatwakatwa, jioni inakaangwa au kuchomwa, inaletwa mezani na ndizi, kachumbari, limao na pilipili, na watu wanakula kwa mikono huku maongezi yakiendelea. Kitimoto kwetu ni chakula cha jioni. Mwambie mtu wa Ipuli kwamba kuna nchi ambako nyama hiyohiyo huliwa saa moja asubuhi pamoja na mayai, na ana haki ya kuuliza: nani huyo aliyeamka usiku wa manane kuchinja? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza bekoni ni kitu gani. Hakuna aliyeamka. Mnyama alichinjwa siku nyingi nyuma, na nyama yake ikatiwa chumvi, ikalazwa, ikafukizwa moshi, ikasubiri.

Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kifungua kinywa kizito, popote duniani, hutegemea akiba. Asubuhi haina muda. Mtu anaamka na njaa, kazi inamngoja, na chakula cha kushibisha kitapatikana tu ikiwa sehemu kubwa ya kazi ilifanywa jana, wiki iliyopita, au msimu uliopita. Ukiitazama bekoni kwa jicho hilo, ugeni wake unapungua sana, hasa kwa mtu wa Tabora.

Anza na kilichopo. Katika kata ya Ipuli, kama ilivyo kwenye mitaa mingine ya Manispaa ya Tabora, mteja wa alfajiri anakuta sufuria ya supu imekwisha kuchemka. Mifupa ilikaa motoni saa nyingi kwa moto mdogo, mpaka mafuta yakapanda juu na uloto ukayeyuka. “Shikamoo mama.” “Marahaba baba. Ya ng’ombe au ya mbuzi? Nikuwekee na ndizi?” Bakuli linajazwa, limao linakamuliwa, pilipili inapondwa ukingoni kwa kijiko, na chapati mbili zinawekwa kwenye kisahani cha pembeni. Mteja haoni kazi ya usiku, anaonja tu. Hata ngano ya hiyo chapati si mgeni wa jana hapa. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, walikuwa wakilima ngano katikati ya karne ya 19, miongo mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Akiba ya kweli ya Unyamwezi, hata hivyo, iko kwenye viazi vitamu. Viazi huvunwa mvua zikiisha, kiangazi kinapoanza, na jua la miezi hiyo ndilo jiko. Michembe hutengenezwa kwa viazi vibichi: vinaachwa vinyauke kidogo, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juu ya mwamba au kichanja mpaka vikauke kabisa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo humenywa, hukatwa na kuanikwa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mdomoni ni kubwa. Kiazi kinapopashwa moto taratibu, vimeng’enya vilivyomo hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, kwa hiyo matobolwa hutoka yakiwa na utamu mzito na mnyumbuko kama wa tende, na mtu anaweza kuyatafuna hivyohivyo na chai ya rangi. Michembe hubaki na wanga wake, na hudai sufuria: ichemshe, itie karanga zilizotwangwa, na una chakula kitakachomshikilia mkulima mpaka saa saba mchana. Mimi naiweka michembe ya karanga mbele ya vifungua kinywa vingi vya hotelini, na nasema hivyo nikiwa nimevila vyote viwili.

Tabora ilijifunza akiba kwa lazima. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, mji wa wafanyabiashara ulioitwa Kazeh ulikuwa tayari kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa msafara alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Safari ilianza alfajiri kabla jua halijawa kali, na chungu kikubwa kilipikwa baada ya kupiga kambi. Kilicholiwa njiani kilipaswa kuwa kikavu, chepesi na kisichooza: nafaka, karanga, viazi vilivyoanikwa, nyama iliyokaushwa. Na kwenye njia hiyo palikuwa na vitu vitatu ambavyo leo vinaandikwa kwenye pakiti za bekoni za bei kubwa: chumvi, asali na moshi wa kuni.

Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Maji yalichemshwa vyunguni mpaka chumvi ikabaki. John Sutton na Andrew Roberts, waliochimba mabaki ya kale huko na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968, walionyesha kwamba kazi hiyo imefanyika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi hiyo ilisafiri mbali, na Unyanyembe palikuwa soko lake.

Kinachofanywa na chumvi ndani ya nyama ni rahisi kueleza. Nyama mbichi ina maji karibu robo tatu ya uzito wake, na bakteria huhitaji maji hayo ili wazaliane. Chumvi inavuta maji nje na kuyashika yale yanayobaki, hivyo bakteria wengi hudhoofika. Inabadilisha pia protini, ndiyo maana nyama iliyolala kwenye chumvi huwa imara na hukatika vipande vyembamba bila kuchanika. Bekoni ya sasa ina chumvi kama gramu 20 hadi 25 kwa kilo ya nyama. Ile ya zamani, kabla ya majokofu, ilikuwa na chumvi nyingi zaidi na ilibidi ilowekwe kabla ya kuliwa. Viwanda huongeza nitriti ya sodiamu, kiasi kidogo mno, takriban miligramu 150 kwa kilo. Hiyo ndiyo inayoifanya bekoni ibaki na rangi ya waridi hata ikipikwa, na ndiyo inayomzuia bakteria wa Clostridium botulinum, ambaye sumu yake huua. Nitriti ikizidi ni sumu yenyewe. Nyumbani, asiye na mizani ya kupima gramu ndogo asiiguse kabisa. Nyama yake itakuwa ya kijivu, na itabidi ikae kwenye baridi na ipikwe mapema.

Kwenye asali ndipo Tabora inapoongoza. Misitu ya miombo inayozunguka mkoa, yenye mitundu, miyombo na jamii zake, huchanua na kuwapa nyuki chakula ambacho hakijapandwa na mtu. Mizinga ya magogo na ya magome imetundikwa kwenye miti hiyo kwa vizazi, na Tabora ina chuo cha kufundisha ufugaji nyuki. Asali ni sukari kwa asilimia kama 80, nyingi ikiwa fruktosi na glukosi. Hizo huungana moja kwa moja na protini ya nyama kwenye moto na kutoa rangi ya kahawia na harufu ya kukaanga, wakati sukari ya kawaida inabidi kwanza ivunjike. Fruktosi huanza kugeuka rangi kwenye joto la chini sana kuliko sukari ya dukani. Faida hiyo ndiyo pia hatari: nyama ya asali huungua upesi.

Kuna jambo moja kuhusu asali yetu ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mrina asali anayetumia mwenge wa moto kuwafukuza nyuki usiku hupata asali yenye harufu ya moshi, na kwa mnunuzi wa nje harufu hiyo ni kasoro inayoshusha bei. Kinachotafutwa kwenye bekoni ya asali na moshi, kumbe, ni ndoa hiyohiyo ya ladha. Simaanishi kwamba urinaji wa moto uendelee. Unaua nyuki na unachoma misitu, na mzinga wa kisasa na bomba la moshi mwepesi ni bora. Nasema tu kwamba asali iliyokwisha kupata moshi ina kazi jikoni, kwenye nyama, ambako kasoro yake inakuwa kiungo.

Moshi wenyewe ni kemia ya kuni. Mti ukifuka bila kuwaka, lignini iliyoushikilia huvunjika na kutoa fenoli, miongoni mwake guayakoli, ambayo pua huitambua mara moja kama harufu ya moshi. Fenoli hizo hutua juu ya nyama, huzuia bakteria wa usoni na huchelewesha mafuta kuchacha. Kuni ya mwembe au mpera hutoa moshi mtamu. Misonobari ina utomvu mwingi na huacha uchungu. Mnyaa na miti mingine yenye maziwa ya sumu isikaribie nyama. Mbao zilizopakwa rangi au dawa pia. Miombo imekwisha kulipa deni kubwa kwenye mabani ya tumbaku na matanuri ya mkaa, lakini kwa kazi hii inahitajika konzi ya vibanzi tu.

Sasa kikaango. Kosa linaloharibu bekoni ya asali ni kuitupa kwenye mafuta yaliyokwisha kuchemka. Weka vipande kwenye kikaango kilichopoa, bila mafuta, washa moto mdogo. Kwa dakika chache hakuna kinachotokea, kisha mafuta meupe yanaanza kuwa kama kioo, yanatiririka, na nyama inajikunja kingo. Geuza. Mafuta yakitoka taratibu, mnofu unakauka na kuwa mkavu wa kuvunjika, bila sukari kuungua. Kama nyama haikutiwa asali tangu mwanzo, ipake mwishoni kabisa, dakika moja kabla ya kuepua. Yale mafuta yanayobaki usimwage: kaanga humo nyanya na kitunguu, kisha mayai, na uongeze pilipili mbuzi.

Umaarufu wa bekoni asubuhi haukutokana na ladha peke yake. Miaka ya 1920 huko Marekani, kampuni ya Beech-Nut, iliyokuwa ikiuza bekoni, ilimtumia mtaalamu wa kushawishi umma, Edward Bernays. Alivyosimulia mwenyewe, alimwomba daktari awaulize madaktari wenzake kama kifungua kinywa kizito ni bora kuliko chepesi. Wengi walikubali, magazeti yakaandika, na bekoni na mayai yakapata muhuri wa afya. Afrika Mashariki bekoni iliingia kupitia meza ya mlowezi. Kiwanda cha Uplands, karibu na Limuru nchini Kenya, kiliwalisha wazungu wa nyanda za juu, na mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wake walipogoma, polisi waliwafyatulia risasi na kuwaua watatu. Anayetaka kula bekoni Afrika Mashariki ajue na hilo.

Ajue pia la afya. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na ulikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Kwa hiyo bekoni ni chakula cha Jumapili moja moja. Mpagazi aliyebeba frasila mbili aliteketeza alichokula. Anayekaa ofisini kutwa hawezi kula kama yeye kila asubuhi. Michembe inaweza kuliwa kila siku, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Tabora ni mji wenye Waislamu wengi, na kwao nguruwe ni haramu. Hilo halina mjadala, na halihitaji kuwa kizuizi cha ladha. Kidari cha ng’ombe, chenye tabaka za mafuta na mnofu, kinapokea chumvi, asali na moshi vilevile, na mkoa una ng’ombe wengi. Binafsi naamini kidari ndicho chenye nafasi kubwa zaidi hapa, kwa kuwa familia zote mtaani zinaweza kukila, mradi kisu, ndoo ya chumvi na sanduku la moshi havijagusa nguruwe.

Kinachokosekana ni baridi ya uhakika. Nyama ikilala kwenye chumvi siku tano hadi saba inahitaji joto lisilozidi nyuzi 4 au 5 wakati wote, na umeme ukikatika usiku kucha katika wiki hiyo, nyama ni ya kutupa. Inahitaji pia afisa mifugo aikague, maana nguruwe anayezurura huweza kubeba lava wa tegu, na anayeuza lazima apitie Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Mabaki ya nyama ya nguruwe yasirudishwe kwa nguruwe: virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika huishi muda mrefu ndani ya nyama ya chumvi, na mfugaji anaweza kupoteza banda zima kwa ganda moja lililotupwa. Kwa anayetaka kujaribu bila kungoja mtaji, kilo moja ya kidari inatosha: gramu 25 za chumvi, kijiko kimoja cha asali, pilipili manga iliyopondwa, mfuko uliofungwa vizuri kwenye jokofu, ugeuzwe kila siku, kisha moshi wa mwembe saa mbili au tatu mpaka nyama iive mpaka ndani.