Amplifaya, Waya na Sabwufa katika Nchi ya Chai

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet, nchini Kenya, na huko akazinasa katika mashine yake sauti za wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani mwimbaji Jimmie Rodgers wa Marekani, aliyeingia nchini humo kwa njia ya santuri na kugeuzwa, katika masimulizi ya wenyeji, kiumbe nusu mtu nusu paa. Santuri za zama hizo aghalabu zilitiwa nguvu kwa mkono, na mkono ukichoka wimbo ulikoma, hata kila msikilizaji akajua bila kuambiwa kwamba sauti ina gharama yake. Baadaye duka la Chandarana mjini Kericho lilitoa sahani nyingi za benga zilizosikika kote magharibi mwa Kenya. Leo benga hiyo husafiri kutoka Kericho hadi Bomet, kupitia Litein na Kaplong, ndani ya matatu ya viti 14 yenye kasha la sabwufa nyuma ya kiti cha mwisho. Gharama ya sauti nayo haikuondoka, ila imejificha chini ya boneti, mahali ambapo wanunuzi wengi wa amplifaya hawatupi jicho kabisa.

Wao hutazama maandishi ya boksi, ambayo, kusema kweli, ni fasihi kuliko hesabu. Amplifaya iliyoandikwa wati 3000 na kuuzwa kwa bei ya redio ya kawaida hutaja, ikiwa inataja lolote, kilele cha kufumba na kufumbua, ilhali mnunuzi anahitaji kujua nguvu ya kudumu, ile ifuatwayo na herufi RMS. Kama herufi hizo hazipo, na ageuze chombo atazame fyuzi zake, kwani mtengenezaji anaweza kuandika lolote juu ya boksi, lakini hawezi kupitisha katika fyuzi umeme usiopita. Fyuzi mbili za amperi 25 ni amperi 50. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalonguruma upate wati 690 zinazoingia. Na kwa kuwa amplifaya ya daraja D, iliyo bora kwa sabwufa, hugeuza takriban asilimia 80 tu ya hizo kuwa sauti na zilizobaki huwa joto, utapata wati 550. Zile za daraja AB hupoteza karibu nusu. Wati 3000 zimekwenda wapi, hilo aulizwe aliyeandika boksi.

Baada ya hapo linakuja swali lililostahili kutangulia: je, gari lina umeme wa kutoa? Amplifaya ya wati 500 za kweli, ngoma inapopigwa kwa nguvu zote, huvuta kiasi cha amperi 45. Lakini muziki hupanda na kushuka, na kwa wastani yatosha kuhesabu theluthi, yaani amperi 15. Alternata za magari ya kiasi cha matatu zetu aghalabu hutoa kati ya amperi 70 na 130, nazo hutoa pungufu ya hapo injini ikiwa imetulia. Sasa fikiri, ndugu msomaji, hali ya Kericho, ambako mvua ya alasiri ni desturi kuliko ajabu: saa kumi jioni taa zinawaka, waipa zinafanya kazi, feni inapuliza kioo kilichofunikwa na ukungu, na gari limesimama stendi likingoja abiria watano waliobaki. Na dereva akizima injini ili kuokoa mafuta huku muziki ukiendelea kuita abiria, betri ya amperi-saa 70, ambayo si vema kuiteremsha chini ya nusu, itahimili saa mbili na ushei, kisha alfajiri ya baridi gari la dizeli litakataa kuwaka. Kwa matatu ya kawaida, basi, naona wati 500 zatosha kabisa. Atakaye zaidi ya hizo na aanze kwa alternata kubwa, si kwa amplifaya kubwa.

Sabwufa zinunuliwe kabla ya amplifaya, kwa sababu ya ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Sabwufa mbili, kila moja ikiwa na koili mbili za omu 4, zikiunganishwa zote sambamba huleta omu 1. Koili za kila sabwufa zikifuatanishwa, kisha sabwufa zenyewe zikaunganishwa sambamba, huleta omu 4. Amplifaya iliyoundwa isishuke chini ya omu 2 ikibebeshwa omu 1 itapata joto, itajizima, na siku moja haitawaka tena. Pasiwe na kubahatisha hapo. Fundi achore mchoro kwanza.

Waya ndio sehemu ambayo watu hufanyia ubahili, na ndiyo iletayo moto. Kwa masafa ya mita 5 kutoka betri hadi nyuma, na amperi 45, waya wa shaba halisi wa milimita mraba 21 hupoteza chini ya robo ya volti, ambapo ule wa milimita mraba 8 hupoteza karibu nusu volti. Na ule wa alumini uliopakwa shaba, ambao sokoni hufanana na ndugu yake kwa wajihi tu, hupoteza zaidi. Kwenye waya chanya iwekwe fyuzi ya amperi 60, isizidi sentimita 30 kutoka betri, maana kazi yake ni kuulinda waya, wala si amplifaya: waya ukichunika mahali upitapo kwenye bati na kugusa bodi, kipande kisicho na fyuzi ndicho kitakachowaka. Kila tundu la bati livishwe mpira. Waya hasi uwe mnene kama ule chanya na uwe mfupi, ufungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha papakwe grisi, kwani unyevu wa nchi ya chai hula maungio kwa haraka. Nyaya za sauti zipite upande wa pili wa gari, la sivyo mlio wa alternata utaimba pamoja na mwimbaji.

Katika kurekebisha, kichujio kiwekwe karibu na hezi 80 ili sabwufa iachiwe besi peke yake. Kitufe cha gaini si cha kuongezea sauti, bali cha kulinganisha redio na amplifaya. Kikipandishwa kupita kiasi mawimbi hukatwa vichwa, na koili huungua hata kama wati zake hazijatimia.

Barabara za changarawe ziendazo kwenye vituo vya kuuzia majani chai hulegeza kila kisichokazwa, hivyo gari lirudi kwa fundi baada ya juma moja. Na apime, muziki ukiwa juu, volti za kwenye betri na volti za kwenye amplifaya: tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au bolti ya hasi imelegea, na hapo mwenye gari ana haki ya kuuliza ule waya ulinunuliwa wapi.