Baiskeli juu ya pikapu: chanja ipi itafika Garsen salama?



Mwaka juzi jamaa zetu walichanga pesa, wakanunua baiskeli sita Malindi kwa ajili ya watoto sita wa ukoo wanaosoma upande wa Tarasaa. Kila alfajiri watoto hao walikuwa wakitembea zaidi ya saa nzima kufika shuleni. Kazi ya kuzisafirisha nikapewa mimi. Nikapata pikapu iliyokuwa ikirudi Garsen, tukazilaza baiskeli ndani ya bodi moja juu ya nyingine, tukapitisha kamba ya manila, na dereva akanituliza: "Ami, usiwe na wasiwasi, humu nimebeba hata mbuzi." Tulipofika Gongoni akapakia magunia matatu ya chumvi juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na simu yangu. Sikushuka kuangalia.

Tuliposhusha mzigo, ringi za baiskeli mbili zilikuwa zimepinda, ya tatu chuma cha breki kilikuwa kimekunjika, na pedali ya moja ilikuwa imetoboa tairi ya mwenziwe. Fundi alinyoosha alichoweza. Iliyobaki ilingoja ringi jipya kutoka Malindi, nayo ilikuwa ya mpwa wangu wa kidato cha pili. Alitembea wiki tatu zaidi huku wenzake wakimpita kwa kengele. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza madereva, mafundi wa kuchomelea vyuma na wauza baiskeli swali moja: pikapu ifungwe chanja ya aina gani ili baiskeli zifike zikiwa baiskeli? Najua wako watakaocheka, waseme huyu amekosa la kuandika. Lakini mkaazi wa Ngao, Golbanti, Wema au Hewani anajua baiskeli ni nini. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, samaki, maembe na mgonjwa hadi barabarani. Mto ulipofurika mwisho wa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, watu walihamishwa na baiskeli zao zikarushwa juu ya magodoro na mabati, na nyingine zikaachwa. Maji yalipopungua, aliyekuwa na baiskeli nzima alianza maisha mbele ya mwenzake.

Kabla ya kuchagua chanja, tazama kwanza baiskeli yenyewe. Nyingi za huku kwetu ni zile nyeusi tunazoziita Black Mamba. Ni chuma kitupu, uzito wake kilo 20 na zaidi. Magurudumu yake ni ya inchi 28, na ukiipima kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma utapata karibu mita 1.9. Breki zake si za waya. Ni za vyuma vinavyotoka kwenye usukani: kimoja kinashuka hadi gurudumu la mbele, kingine kinafuata bomba la chini la fremu kwenda nyuma. Weka vyuma hivyo akilini, kwa sababu ndivyo vinavyozikataa chanja nyingi za dukani.

Chanja nyingi za dukani zimetengenezwa kwa baiskeli za michezo, zenye uzito wa kilo 10 hadi 15, na kwa barabara za lami. Ziko za aina kadhaa. Ya kwanza hukaa sakafuni mwa bodi: unafungua gurudumu la mbele, unaibana foki kwenye kifaa chake, na gurudumu unaliweka kando. Kwa baiskeli ya kisasa ni kazi ya dakika moja, kwa kuwa gurudumu lina wenzo mdogo wa kufungulia kwa mkono. Kwa Black Mamba utahitaji spana, utahangaika na madigadi na vyuma vya breki, na mara nyingi foki yenyewe haitaingia kwenye kile kifaa. Ukifika huna budi kufunga upya na kurekebisha breki. Mara baiskeli nne, jua la Garsen la saa saba mchana! Mimi hapana.

Ya pili ni ile ya kuning'iniza, inayofungwa kwenye chuma cha kuvutia trela. Inaonekana nzuri, na bodi inabaki tupu kwa mizigo mingine. Nilikuwa karibu kuinunua, hadi nikasoma maandishi yake madogo. Nyingi za kuning'iniza huruhusu kilo 15 au 16 kwa kila baiskeli, na baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa zitumike kwenye barabara za vumbi. Sababu yake haihitaji hesabu. Beba ndoo ya maji karibu na kifua chako, kisha ibebe kwa mkono ulionyooka mbele. Maji ni yale yale, lakini mkono unatetemeka. Baiskeli tatu za Black Mamba ni kilo 60 na ushei, zinaning'inia nyuma ya bampa, na kila tuta au shimo linaongeza nguvu ya kile chuma kuvutwa chini. Tena baiskeli za kike hazina lile bomba la juu lililonyooka la kuning'inizia, na watoto wetu wa kike wanaovaa buibui na sketi ndefu ndizo wanazoziendesha.

Kuna jambo jingine kuhusu chanja za nyuma ambalo halimo katika maandishi yoyote ya kiwandani. Barabara yetu ina vizuizi vya polisi, na kwa hali ya usalama ilivyo upande wa Gamba na Witu kuelekea Lamu, sina ugomvi navyo. Afisa akitaka kuona ndani ya bodi, lazima ufungue mlango wa nyuma. Baiskeli zilizoning'inia nyuma zinauziba mlango huo, zinaficha nambari ya gari, na usiku zinafunika taa za breki na indiketa. Kila kizuizi utashusha, ufungue, ufunge, upakie tena.

Wengine hufunga baiskeli juu ya kabini. Kuinua kilo 20 kupita kichwa chako si jambo dogo, lakini tuseme una vijana wenye nguvu. Je, miembe ya Ngao na Tarasaa utaiambiaje? Matawi yameinamia njia, na dereva aliyezoea urefu wa gari lake husahau kuwa leo limeongezeka mita moja.

Ya mwisho ni ile pedi ya sponji inayofunika mlango wa nyuma. Gurudumu la nyuma linabaki ndani ya bodi, la mbele linaning'inia nje, na bomba la chini la fremu linalalia pedi. Huku kwetu watu huiga kwa kukunja gunia au kipande cha godoro. Kwa baiskeli yenye breki za waya, safari fupi, sina neno, ingawa nyaya zinazopita chini ya fremu nazo ziangaliwe. Kwa Black Mamba, pale linapolalia bomba ndipo kinapopita kile chuma cha breki ya nyuma. Kila mtikisiko baiskeli inakaa juu ya breki yake yenyewe.

Basi nilichoishia ni chanja ya kuchomelewa, ya kusimamisha baiskeli ndani ya bodi kwa magurudumu yake yote mawili, bila kufungua kitu. Fundi mmoja alinitengenezea kwa bomba za chuma za mraba zenye unene wa milimita 2. Umbo lake si geni kwa aliyewahi kuona mahali pa kuegesha baiskeli shuleni. Kuna reli mbili za kukingama, moja karibu na kabini na nyingine nyuma, zimeunganishwa kwa bomba mbili za urefu. Kila reli ina nafasi nne za kuingiza gurudumu. Tairi ya inchi moja na nusu ina upana wa karibu sentimita 4, kwa hiyo nafasi iwe sentimita 5. Ukiipanua zaidi gurudumu litacheza, na gurudumu linalocheza kwa zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi litakula spoku zake. Nguzo zinazoshika gurudumu zisipungue sentimita 35 kwenda juu, maana nguzo fupi humshika mtu kifundo cha mguu akitaka kuanguka.

Hapa fundi alinifundisha kitu. Nilitaka nafasi ziachane sentimita 60, upana wa usukani, na hapo zingeingia baiskeli mbili tu. Akaniambia, "Ami, ya kwanza itazame mbele, ya pili itazame nyuma." Usukani wa moja ukakutana na tandiko la nyingine, sentimita 35 zikatosha, na nne zikasimama kati ya vifuniko vya magurudumu bila kusuguana. Miaka yangu ya diploma haikunipa akili hiyo.

Pima bodi kabla ya kwenda kwa fundi. Pikapu ya kabini moja huwa na bodi ya urefu wa mita 2 na ushei, na baiskeli inaingia yote mlango ukifungwa. Ya kabini mbili mara nyingi ni mita 1.5, kwa hiyo baiskeli itatokeza nje. Hapo ama uiweke pembe kwa pembe, iingie moja au mbili tu, ama uache mlango wazi, ufunge kitambaa chekundu kwenye gurudumu linalotokeza, na uhakikishe nambari ya gari inasomeka. Usiku usisafiri hivyo.

Usikubali chanja ichomelewe moja kwa moja kwenye bodi, hata fundi akikwambia ndiyo imara zaidi. Pikapu ya Garsen leo inabeba baiskeli, kesho maembe, keshokutwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na mto ukijaa inabeba kijiji. Chanja isiyotoka itamkera mwenye gari hadi aikate. Yetu inakaa kwa bolti nne, kila moja ina washa pana juu na chini ili isitoboe bati, na watu wawili wenye spana wanaiondoa kabla chai haijapoa. Tafuta kwanza kama bodi ina matundu yake ya kiwandani. Ukilazimika kutoboa, paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu siku hiyo hiyo. Upepo wa chumvi wa Gongoni na Marereni hausubiri wiki ijayo. Chini ya miguu ya chanja weka vipande vya tairi kuukuu, vipunguze mtikisiko na kelele.

Kufunga kuna hila zake. Mipira ya tyubu tunayoipenda sana inavutika, na kinachovutika kinaruhusu mwendo. Itumie kushikilia usukani usizunguke, si kubeba kazi yote. Kazi kubwa ipe kamba ya manila au mkanda wenye kikazio cha chuma, upite kwenye bomba la tandiko na ushuke hadi kwenye chanja pande zote mbili. Usifunge kwenye keria ya baiskeli, wala kwenye spoku, wala juu ya vyuma vya breki. Pampu na kikapu vitoe uviweke mbele. Kisha simama Mambrui, ushuke, ukaze tena. Kamba yoyote hulegea katika kilomita za mwanzo, na mwenye kushuka ni wewe mwenye baiskeli, usimwachie dereva. Mimi nimeshalipia somo hilo.

Na watu wasikae katikati ya baiskeli. Najua tunavyosafiri, na najua nauli ilivyo. Lakini gari likifunga breki ghafla, usukani wa chuma hautofautishi gunia na mbavu za mtoto.

Kuhusu gharama, chanja nzuri ya dukani inaweza kuzidi bei ya baiskeli unayoibeba. Ya kuchomelewa ni bomba, bolti, rangi na ufundi, na watu wanne wakichangia inakuwa nyepesi. Sisi tulichangia tukiwa watano, wawili kati yetu hata pikapu hawana. Anayeihitaji anaichukua, anairudisha, na bolti zikipungua ananunua yeye.

Sasa hivi imelala nyuma ya kibanda cha fundi, Minjila. Jumamosi iliyopita ilikwenda Malindi ikaleta baiskeli nne, na mpwa wangu alikuja kuzipokea akiwa juu ya yake. Alizizungusha magurudumu moja baada ya nyingine, akainama kutazama ringi, akasema, "Hizi zimenyooka, mjomba." Wenyewe walizishusha, wakapanda, wakaenda zao.