Piano inavyoweza kuilisha familia

MZAZI wa Nakuru, Njoro au Naivasha aambiwapo na mwanawe kuwa anataka kusomea piano, swali la kwanza huwa ni hili: je, muziki utamlisha?

Jibu limo katika maisha ya Clara Schumann, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1819. Alianza kupiga piano hadharani akiwa na umri wa miaka tisa. Mnamo 1840 aliolewa na mtunzi Robert Schumann, wakajaaliwa watoto wanane, mmoja akafariki akiwa mchanga.

Robert alishikwa na maradhi ya akili akalazwa mwaka wa 1854, na miaka miwili baadaye akaaga dunia. Mzigo wote ukamwangukia mjane. Clara alizunguka Ulaya akitumbuiza ili watoto wapate chakula na karo, ingawa safari hizo zilimtenga nao kwa miezi mingi.

Utulivu ulikuja mwaka wa 1878 alipoajiriwa kufundisha piano katika chuo cha muziki mjini Frankfurt, kazi aliyoifanya hadi 1892. Uzeeni alisaidia kuwalea wajukuu. Alifariki mwaka wa 1896.

Basi, jukwaa humpa mwanamuziki jina, lakini ualimu humrudisha nyumbani kwa aila yake. Leo Chuo Kikuu cha Kabarak, karibu na jiji la Nakuru, hufunza muziki. Mzazi asimkatize mwanawe tamaa. Amshauri asomee pia ualimu.